Waya wa Pua ya Baba Mudogo

Kutoka Baraka mpaka Fizi, panda mlima shuka mlima, hutapata mtu mwingine aliyetembea na pua tatu katika maisha yake. Ya kwanza nilizaliwa nayo. Ya pili nilitengenezewa na daktari kwa kisu. Ya tatu nilitiwa kwa sindano, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu watu wanaisimulia vibaya. Kuna wanaosema nilienda ng'ambo ya ziwa mganga akanipulizia moshi. Kuna wanaosema niliwekewa mfupa wa mbuzi. Ni bongo tupu, uongo mtupu. Nilikuwepo, na pua ilikuwa yangu.

Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa primeri, basi, nikaachia hapo. Kusoma kwenyewe nilikuja kukuzoea baadaye, kwa maandishi ya mifuko ya simenti na makopo ya rangi. Lakini shoka, msumeno na randa havikuniomba cheti. Kabla sijafika miaka thelathini nilikuwa nimeunda boti kumi na moja kwa mikono hii, na wavuvi wa Kazimia walikuwa wanawapita mafundi wengine njiani ili wanifikie mimi mjini Baraka. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Boti zingine bado ziko majini, waulizwe wanaozipanda.

Vita vya pili vya kwetu vilipoanza, kazi haikusimama. Iliongezeka, maana kila mwenye familia alitaka kitu cha kuvukia. Kilichokuwa kigumu ni vifaa. Barabara ya Uvira ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa nyumba ya watoto, na kamba nzuri hazikupatikana. Siku moja nilikuwa napinda ubao wa ubavuni. Unaulowanisha, unaupasha moto chini, unauvuta kwa kamba polepole mpaka ukubali kufuata mbavu za boti. Kamba yangu ilikuwa imezeeka, ikakatika. Ubao ukarudi ulikotoka, na katikati ya njia yake ulikuwa uso wangu. Nilisikia kitu kimevunjika nikafikiri ni ubao. Nikauangalia, ubao mzima. Ndipo damu ikanijaa mdomoni.

Pua ilipona ikiwa imelala upande. Hewa ilikuwa inapita tundu moja tu, na usiku nilikoroma mpaka majirani wakasema wapiganaji wa milimani hawatahitaji mtu wa kuwaonyesha Baraka iko wapi, watafuata sauti. Miezi minne nilivumilia hivyo. Halafu nikauza boti niliyokuwa nimejiundia mwenyewe, nikavuka ziwa mpaka Kigoma, nikapanda treni mpaka Daresalama, kwa daktari mpasuaji niliyeelekezwa na mfanyabiashara mmoja wa dagaa. Mtu wa kwetu aliyepiga safari hiyo kwa ajili ya pua tu, mimi simjui mwingine.

Yule daktari alinikagua, akasema mfupa ataunyoosha na hewa itapita. Halafu akagusa mahali fulani juu ya pua, akaniuliza kama na hii nundu aiache au aiondoe.

Lazima nieleze nundu yenyewe. Pua yangu ya kwanza ilianza vizuri kati ya macho, kisha katikati ikapandisha kama goti la mtoto aliyekunja mguu, ndipo ikashuka. Ilikuwa hivyo kabla ya ubao kunipiga. Nilimwambia daktari aiondoe. Nilimwambia mimi ni fundi, nikiona mgongo kwenye ubao siwezi kulala, nipigie randa ninyooke. Alicheka, akachora kwa kalamu kwenye uso wangu, akafanya.

Niliporudi Baraka bandeji zilikuwa zimetoka na uvimbe umeshuka. Nilishuka kwenye boti nikiwa nimenyoosha shingo ili kila mtu aone. Watu walijaa ufukweni kuniangalia. Nikawasimulia yote, daktari, kalamu, randa, na jibu langu, tena kwa sauti. Mama yangu alikuwa anageuza dagaa juani. Aliacha, akaja, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. Akarudi kwenye dagaa wake.

Baba mudogo alifika nyuma ya watu. Huyu ni mdogo wa baba yangu, tumbo moja, toka nitoke, na wakati ule ndiye aliyekuwa amebaki mkubwa wa nyumba yao. Alinitazama, kisha akasema, kwa wote kusikia:

"Vita imefika, kila muntu anashonea karatasi yake ya kitambulisho ndani ya nguo isipotee. We ulikuwa nayo juu ya uso, bila kushona. Umeibeba mpaka Daresalama kuichana."

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Mama peke yake hakucheka, na nilipaswa kujua kwa nini.

Baba yangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Lulimba. Alikufa udongo ulipomwangukia shimoni, na mama wakati huo alikuwa na mimba changa ambayo hakuwa amemwambia mtu. Nilipozaliwa, kwa baba walianza kuhesabu miezi kwa vidole. Walihesabu jikoni, walihesabu kisimani, na kila mmoja alipata hesabu yake. Mama alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake arudi kwao. Ndipo nyanya yangu, mama ya baba, alinichukua nje kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya pua yangu mara mbili, akasema hii ni nundu ya nyumba yao, hesabu imekwisha. Siku ile mama alipewa shamba la baba kwenye njia ya Fizi, pale chini ya mlima, na hakuna aliyemuuliza tena. Hadithi hii nililala nayo na kuamka nayo tangu utotoni. Sasa niambie ni mtu gani mwenye akili anayelala kitandani kwa daktari akaisahau. Mimi.

Asubuhi iliyofuata nilikuta jembe la mama limesimamishwa nyuma ya mlango wangu. Alikuwa amelitoa kwenye kibanda cha shambani, na panga, na sufuria ndogo ya kupikia kule. Nikamuuliza kuna nini, watu wenye silaha wamepita? Akasema hapana.

"Pale niko nalima kwa jina ya nani?" akaniuliza. "Mwenye alinipa udongo ule alinipa kwa sababu ya pua. Pua haiko."

Nikamwambia baba mudogo ametania tu. Akasema anajua utani, ameolewa kwenye nyumba ile miaka yote, lakini utani wenye miezi ndani yake yeye hautaki tena. Nikamwambia mihogo imekomaa. Akasema iliwe na nguruwe wa porini. Na mwaka ule, msomaji, shamba la mihogo lililo karibu na njia lilikuwa ndilo linalotenganisha nyumba inayopika na nyumba inayoomba. Mama aliliacha. Alikaa kwangu akigeuza dagaa wa watu wengine, akilipwa kwa fungu.

Na pua yenyewe, kana kwamba imesikia maneno, ikaanza kushuka katikati. Kidogo tu, mahali palepale nundu ilipokuwa, pakawa na kishimo. Ukitazama kwa mbele huoni. Ukitazama kwa ubavu, na mimi jicho langu ni la kutazama ubavu, uliona kama boti iliyokaliwa katikati. Nikasema ninarudi kwa daktari anieleze.

Daktari mpasuaji alisema haya hutokea baada ya upasuaji, kisu kimekwisha kufanya kazi yake, na kwa kishimo kama hicho hana haja ya kunipasua tena. Akanipeleka kwa mwenzake, daktari wa ngozi, mama mmoja mdogo wa umbo mwenye miwani, ambaye alikuwa na dawa ya kujaza. Ndipo nilipoingia kwenye jambo ambalo mpaka leo linanishangaza.

Alifungua frigo la kuwekea dawa baridi, akanionyesha bomba la sindano jembamba, ndani yake kitu cheupe kizito kama uji wa mtoto. Alisema anakiingiza chini ya ngozi, kidogo kidogo, kinainua mahali palipoingia ndani. Nikamwelewa mara moja, pengine kuliko wagonjwa wake wote wenye shule. Boti ikipata ufa kati ya mbao mbili huibomoi. Unachukua pamba, unaichovya kwenye mafuta ya mawese, unaisukuma kwa patasi butu mpaka ufa ujae. Nikamwambia hivyo. Akasema ndiyo, karibu hivyo, ila yeye hatumii nyundo.

Nilimuuliza inatoka wapi. Akasema kwenye ngozi ya ng'ombe, imesafishwa mpaka imebaki kitu kimoja tu ambacho hata ngozi ya mtu inacho. Nikamuuliza itakaa. Akasema haikai, mwili unaila polepole, miezi mitatu, minne, ikibahatika sita. Nikamuuliza mwili ukishaila inaenda wapi. Alivua miwani akaniangalia, akasema miaka yote anayofanya kazi ile watu wanamuuliza kama inauma na kama itaonekana, hakuna aliyewahi kumuuliza inaenda wapi. Akaniambia mwili unaikatakata vipande visivyoonekana na kuitumia au kuitoa, kama unavyofanya na nyama uliyokula. Yaani nilikuwa nataka kumla ng'ombe kwa pua. Nililifikiria hilo treni nzima.

Lakini hakunichoma pua siku ile. Alinichoma mkononi, tone moja chini ya ngozi, karibu na kiwiko, akasema nisubiri mwezi mzima. Kama pale patawasha au kuvimba, mwili wangu umekataa ng'ombe, na pua haitaguswa. Nikamwambia basi akinijaza, asijaze kishimo tu. Arudishe na nundu. Aliniuliza mara mbili kama nimesema nundu, maana watu wote wanakuja kuiondoa. Nilipomweleza habari ya mama akasema anahitaji picha. Picha ya mimi zamani, au ya baba yangu.

Picha hazikuwepo. Ya baba ilikuwa moja tu, na ya kwangu mbili, zote zilikuwa ndani ya sanduku kwenye nyumba iliyochomwa Baraka katika vita vya kwanza. Duniani ilibaki pua moja tu ya namna ile, na mwenyewe ndiye aliyenitukana ufukweni.

Nilirudi nikakaa Baraka mwezi ule nikiwa na mkono maarufu kuliko mimi. Watu walikuja kuutazama. Mama aliutazama kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, anaugeuza kwenye mwanga, anaubonyeza. Haukuvimba. Baba mudogo alipopata habari ya ng'ombe alitangaza kwamba sasa nikipita milimani wafugaji watanidai ndama wao. Hapo hatukucheka sana. Miaka ile pua ya mtu ilikuwa inasomwa kwenye barieri, vizuizi vya wenye silaha, kabla ya karatasi yake. Pua nyembamba iliyonyooka, iliyosemwa ni ya wafugaji, ilikuwa imewapeleka watu shimoni upande mmoja, na pua pana upande mwingine. Mfugaji mmoja wa juu milimani, aliyekuwa ananiuzia siagi na kuniletea miti mizuri ya mbao, hakushuka tena tangu vita vianze, na sikuwa na wa kumuuliza habari zake kwa sauti. Mimi nilikuwa nimejinyoosha pua yangu kwa hiari katikati ya mambo hayo. Mjinga wa aina yangu hapatikani kila siku.

Ilikuwa imebaki wiki moja mwezi utimie nilipokwenda kumwomba baba mudogo. Nilimkuta ufukweni, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anatengeneza wavu. Mama alikuwa hatua chache tu, na dagaa wake. Nilichagua hivyo makusudi. Nilikuwa na waya laini wa shaba mfukoni, niliotoa kwenye mashine mbovu. Sisi waunda boti tuna kitu tunakiita gabari. Ukitaka boti mpya ifanane na ya zamani, unapinda waya au ubao mwembamba juu ya ubavu wa ile ya zamani, unauchukua umbo lake, unakwenda kulilinganisha kwenye mpya. Nilimwambia baba mudogo nataka kuchukua gabari ya pua yake.

Aliendelea na wavu. Alifunga fundo moja, la pili, la tatu.

"Pua yangu haiendi kwa batu ba inje," alisema.

Nilisimama na waya wangu. Akafunga fundo la nne, akauweka wavu chini, akageuza uso upande, ubavu kwangu, akafumba macho.

"Sasa njo unangoja nini? Pima. Na mukono yako isitetemeke, usinipe pua ya mulevi kule."

Nilipima. Niliuweka waya kati ya nyusi zake nikaushusha polepole kwa kidole gumba, ukapanda juu ya goti lile, ukateremka mpaka ncha. Alikuwa ananuka tumbaku na samaki. Sikuwahi kuwa karibu na uso wake namna ile tangu alipokuwa ananibeba, na niliona kwamba ngozi ya juu ya nundu inang'aa kidogo, na kwamba kuna kovu dogo ambalo hakuna aliyewahi kunisimulia. Nilipima mara tatu, ingawa mara moja ingetosha.

Nikamwendea mama na waya, nikamwonyesha. Nilifikiri imekwisha. Nilimwambia umesikia, amesema haiendi nje, na amenipa, maana yake mimi ni wa ndani.

"Amekupa pua," alisema mama. "Miye hajanipa jibu."

Jembe likabaki nyuma ya mlango.

Siku ya kuvuka, wanajeshi wa barieri ya bandarini walinipekua. Kijana mmoja akatoa ule waya kwenye begi, akauinua kwenye mwanga, akauliza ni wa bomu la namna gani. Nilimwambia ni pua ya baba yangu mudogo. Akamwita mwenzake. Nikaeleza yote tangu ubao, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia namna maneno yangu yanavyofanana na uongo. Yule kijana akaujaribu waya kwenye pua yake mwenyewe, haukukaa. Mwenzake akaangua kicheko. Halafu kijana akaitazama pua yangu iliyonyooka, taratibu, na kicheko kikaisha. Akaniuliza baba yangu ni nani na amezikwa wapi. Nikajibu, nikamtaja na nyanya, nikasema na Kibembe, lugha ya kwetu, kidogo nilichokuwa nacho kinywani. Akanirudishia waya. Kwenye boti nilikaa nimeufunga kwenye ngumi mpaka Kigoma, na nilipofungua kiganja ulikuwa umeacha alama.

Daktari mama aliupokea kwa mikono miwili. Alisema ameletewa picha, ameletewa magazeti, mmoja alimletea hata sanamu, lakini waya hajawahi. Akauweka kwenye karatasi, akaufuata kwa kalamu, kisha akanichora usoni.

Nieleze vizuri, maana watu huuliza. Alinipaka dawa ya ganzi akasubiri. Kabla ya kusukuma, kila mara, alivuta bomba nyuma kidogo kuona kama damu inaingia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema puani kuna mishipa myembamba, mingine inaongea na mishipa ya macho, na dawa ikiingia ndani ya mshipa ngozi inaweza kufa, na ikifika jichoni jicho linaweza kuzimika pale pale. Alisema hili ndilo jambo ambalo sindano za mtaani hazijui, na pua iliyokwisha kupasuliwa ni hatari zaidi kwa kuwa mishipa yake imehamahama. Mimi nilisema siogopi. Mikono yangu ilikuwa imeshika kiti kama inavyoshika usukani mawimbi yakiwa ya ubavu.

Alitia tone. Akangoja. Tone jingine. Nilisikia kama mtu anasukuma ukucha chini ya ngozi, na masikioni mlio mdogo, kama nyasi zinazoachana. Mara moja aliacha ghafla. Alisema ngozi imepauka. Mimi ni mweusi wa kweli, sijui aliona nini, lakini aliona. Akaweka kitambaa cha maji ya moto, akasugua kwa kidole. Nilihesabu pumzi zangu. Rangi iliporudi ndipo na yeye alipopumua, akasema upande ule hataongeza hata tone, atamalizia upande mwingine. Fundi anayejua kuacha namheshimu. Wengi tunajua kuongeza tu.

Halafu akaulaza waya juu ya pua yangu. Ulikaa. Akanipa kioo, na ndani ya kioo alikuwa baba mudogo, kijana, amekasirika.

Niliporudi Baraka baba mudogo alikuja mwenyewe nyumbani. Hakunisalimu kwanza. Alinyoosha mkono nikampa waya, akaulaza kwenye pua yangu, akarudi nyuma, akafunga jicho moja kama anavyotazama upinde wa boti. Alisema upande wa kushoto umepungua. Nikamwambia daktari aliogopa mshipa. Akasema basi si vibaya, na upande wake wa kushoto ulipigwa na kasia alipokuwa kijana, ndiyo maana ya lile kovu. Alikuwa karibu kufurahi. Mama alileta kiti, na ugali wa bukari na sombe ya majani ya mihogo, akatutazama sisi wawili tukila, ubavu kwa ubavu. Nilijua anachokitazama.

Tulipomaliza kunawa akaniuliza itakaa muda gani. Nilitaka kudanganya, lakini baba mudogo alikuwepo, na yeye alikuwa amekwisha kusikia kila kitu ufukweni. Nikasema miezi minne, sita ikibahatika.

"Aa," alisema mama. "Basi miye ni muke ya baba yako miezi sita."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeulizia siku za soko. Nikaanza kueleza kwamba nitarudi, kwamba kila ikiisha nitajazwa tena, kwamba boti zangu zinatosha kulipa sindano mpaka nizeeke. Aliinua mkono kunizuia. Akamgeukia shemeji yake. Mwaka mzima alikuwa hajamtazama machoni.

"Shemeji," akamwambia, "nataka nikuulize wakati mutoto iko na pua, isisemwe nilingoja ikaisha. Ile siku kwa mayi ya ziwa, uliposema karatasi, ulikuwa nasema miye?"

Baba mudogo alimtazama kama mtu aliyeamshwa.

"Wewe? Wewe nikuseme nini? Kaka yangu nilimujua, na huyu mutoto nilimubeba mi mwenyewe." Alininyooshea kidole bila kunitazama. "Nilikuwa nasema huyu. Alifika mbele ya batu bote akajisifu, munganga ya kisu alimuuliza hii tuache ao tutoe, ye akasema mutoe, ni mubaya. Ile mubaya, shemeji, mi niko nayo. Kaka yangu alizikwa nayo. Mama yetu alitupatia bote. Miezi yako, nani aliitaja?"

Mama akamuuliza kwa nini basi mwaka mzima anaona shamba linaota majani na hasemi.

"Nilifikiri unaogopa batu ba silaha," alisema. "Hakuna mwenye aliniuliza."

Nilikuwa nimekaa kati yao. Nilikuwa nimevuka ziwa mara sita, nimepanda treni mara sita, nimeuza boti, nimewekewa ng'ombe mkononi na puani, nimesimama mbele ya bunduki na waya. Na jambo lenyewe lilikuwa maneno mawili ya ufukweni, yangu na yake, na kila mmoja wetu alikuwa amemuumiza mtu ambaye hakumlenga. Nilitaka kumwomba baba mudogo msamaha. Nilianza kwa kumweleza kwamba daktari ndiye aliyeleta habari ya nundu kwanza. Akasema ninyamaze nisiharibu. Baadaye nilimwomba vizuri, peke yetu, na sitaandika nilivyosema.

Asubuhi mama alichukua jembe. Nilimfuata na mzigo wa vijiti vya mihogo, kwa sababu njia ya Fizi haikuwa njia ya mwanamke peke yake mwaka ule, ingawa yeye alisema nimekuja kujionyesha tu. Shamba lilikuwa pori. Nguruwe walikuwa wamekula sehemu ya chini, na kibanda kilikuwa kimeangukia upande. Alisimama, akalitazama, akafunga kitenge vizuri, akaanza kwenye kona ya juu, mahali linapopakana na shamba la baba mudogo.

Pua ilianza kushuka kabla ya mihogo kufika magotini. Nilikuwa naifuatilia kila siku kwa kidole na kwa ule waya, nikiona mwanga unapita chini yake, kwanza mwembamba kama uzi, halafu wa kupitisha njiti. Nilitaka kujua siku yenyewe itakapokwisha, saa yenyewe, lakini mwili ulifanya kazi yake kimya na sikuikamata. Jioni moja nilipima, nikaona nimerudi kwenye pua ya pili, yenye kishimo chake. Nilimwambia mama. Alitazama, akasema ameona tangu juma lililopita, na nimpishe apitishe kapu. Sikurudi kwa daktari. Vita vilizidi, na hata visingezidi nadhani nisingerudi.

Msimu ule ule baba mudogo alikuja shambani akakuta mama amelima hatua mbili ndani ya upande wake. Alipiga kelele. Mama naye alipiga kelele, akamwambia mpaka uko pale bwana yake alipoupanda, na kwamba kama macho yake yamezeeka avae miwani, asisumbue watu ndani ya shamba lao. Baba mudogo alimwita mwizi wa udongo. Akamwita mwanamke asiyeshindwa na mtu. Walitukanana pale, kila mmoja na jembe lake, mpaka jua lilipokuwa kali, bila kutaja pua wala miezi, na mimi nikaendelea kupanda.